Senti Kumi Yenye Mnazi

Jumapili, 3 Machi 2024

Daktari ametuambia tuwe tunaandika siku za Baba: amekula nini, amelalaje, amesahau nini. Nassibu akanigeukia, kwa kuwa mwalimu ni mimi na kalamu ni zangu. Mdogo wangu huyu kazi akiiona kwa mbali, tayari ameshampa mtu mwingine. Haya, naandika. Leo Baba amekula ugali na dagaa, amelala vizuri, mchana alisahau jina langu, jioni akalikumbuka. Mvua bado, lakini mbu hawakusubiri.

Jumanne, 5 Machi

Ameniita dada. Nimeitika.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari hakuuliza habari za kopo, lakini naona bila kopo maelezo yangu hayana maana.

Kila alasiri, akishaswali, Baba anaketi barazani, hapa kwetu Mtoni, na kopo lake la biskuti mapajani. Biskuti hazimo tangu kabla sijazaliwa. Mna sarafu. Baba alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli, na miaka ile fedha za kila aina zilipita dirishani kwake. Akiona ngeni, alikuwa anaitoa kwenye mtoto wa meza, anatia yake ya mfukoni, na ile ngeni anarudi nayo nyumbani. Ndiyo maana ana za Mjerumani zenye taji, ana senti kumi za mfalme wa Kiingereza zenye tundu katikati, ana pesa za Zanzibar zenye mizani, na zetu za zamani za sungura na mbuni ambazo mimi mwenyewe nilinunulia kashata.

Hazitazami kwanza. Anazipapasa kwa kidole gumba, halafu anasema kila moja ilikuwa ya nani. "Hii ya mama mmoja wa Kilosa, alikuwa na kuku kapuni." "Hii ya askari. Alikuwa analia, mie nikajifanya sioni." Jina langu linampotea mara mbili kwa siku, ila yule mama wa Kilosa hajawahi kumpotea. Nimeandika hivyo bila wivu. Au na wivu kidogo.

Zamani nikimuuliza ipi bora kuliko zote, alikuwa anasema, "Ile senti kumi yenye mnazi. Ila hiyo iko benki." Mama alikuwa anacheka mpaka anafunika uso. Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba huko benki kuna sanduku lenye jina la Baba. Siku hizi jibu limebadilika. Sasa anasema, "Ile nilimpa msichana mmoja."

Jumamosi, 9 Machi

Leo huyo msichana ametajwa kuanzia alasiri mpaka magharibi.

"Alikuwa anakwenda Morogoro," Baba alisema. "Kavaa gauni la njano. Nikampa chenji yake, na ile ya mnazi nikaitia humohumo. Ina pengo ukingoni, kama mtu kaing'ata. Nikasema, akiona ngeni, si atairudisha?"

"Akairudisha?" nikauliza.

"Sijui. Foleni ilikuwa ndefu."

Mama alikuwa hapohapo kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakuinua uso. Alishika fundo la kanga yake, lile analofungia chenji ya sokoni, akalishikilia, kisha akanyanyuka akaenda jikoni. Nilimwonea uchungu. Amemzalia, amemfulia, sasa anamlisha kwa kijiko, na kati ya wanawake wote duniani mumewe anamkumbuka abiria.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Baba hafungi, daktari amekataza. Amekunywa chai saa nne, kisha akatusema sisi kwa kula mchana.

Jumapili, 17 Machi

Nassibu amekuja na mgeni. Nassibu ana kibanda cha vinyago Mwenge, na huko amefahamiana na mzee mmoja Mhaya, Mzee Revelian, mwalimu mstaafu anayekusanya sarafu. Nikamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia, akaketi mbele ya Baba kwa adabu zote, akanawa mikono kabla ya kugusa kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Alikuwa anazishika kwa ukingo tu, ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika kipepeo. Nikamuuliza swali la kijinga: hizi si za zamani sana, basi si zina thamani kubwa?

"Uzee peke yake si kitu, mwalimu," akasema. "Za zamani ziko nyingi mno. Mie kwanza nauliza zimebaki ngapi. Halafu nauliza hii yenyewe imebakije." Akainyanyua moja ya Mjerumani, kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. "Unaona rangi hii? Hakuna fundi aliyeipaka. Imejitengeneza yenyewe, zaidi ya miaka mia. Ukiifuta, ndiyo basi, hairudi. Wenzetu wengi wanaharibu hapo. Msizioshe. Hata kwa sabuni, tafadhali."

Nassibu na mimi tukacheka. Nani mwenye nafasi ya kuosha sarafu? Mama alikuwa uani anakuna nazi ya futari. Hatukumwita, maana yalikuwa mambo ya kopo, na mambo ya kopo hayajawahi kuwa ya Mama.

Akaja baadaye na glasi ya juisi ya ukwaju, maana mgeni wetu ni Mkristo na Mama hawezi kumwacha mgeni mkavu, hata iwe mwezi mtukufu. Hapo ndipo Mzee Revelian alipouliza, "Mzee mwenzangu, ya Zanzibar yenye mnazi hukuwahi kuipata? Ile ya mwaka 1908?"

"Niliipata. Nikampa msichana mmoja."

"Ukampa!" Mzee Revelian alijishika kichwa. "Yarabi! Mie ile nimeiona vitabuni tu. Wanasema zilitoka chache, na nyingi katika hizo zikarudishwa zikayeyushwa. Ukampa mtu!"

Glasi ilimponyoka Mama mkononi ilipobaki kidogo tu ifike mezani. Akaomba radhi, akafuta, akaondoka.

Wakati wa kuaga Nassibu alinivuta pembeni ya geti. "Dada, ishu yenyewe si unaiona. Huyu mzee ananunua. Baba anasahau kila siku, kesho keshokutwa zile zitakuwa vyuma tu kwake."

Nikamwambia haziuzwi maadamu Baba anazijua. Ndizo zilizobaki. Sisi ametuacha mmoja mmoja: wajukuu kwanza, halafu Nassibu, halafu mimi nusu nusu. Akishika kopo lile anakuwa Baba mzima, ana sauti yake, ana utani wake. Siku Baba akiacha kuzijua, Nassibu auze, nami sitasema neno.

"Sawa, sista," Nassibu akasema. "Ila usije ukalia."

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Maji yameingia darasani, tumefundisha juu ya madawati.

Jumapili, 24 Machi

Macho ya Baba yanazidi. Mtoto wa jicho ameshaziba la kushoto na sasa anaanza la kulia. Leo aliileta sarafu mpaka puani. "Imeingia giza," akasema. Akatoa nyingine. "Na hii. Nani anazizimia taa hizi?"

Mama akauliza kutoka jikoni, "Kasema nini?"

"Kasema sarafu zake zimeingia giza."

"Masikini," Mama akasema. Mimi nikaendelea kusahihisha madaftari ya darasa la tano.

Ijumaa, 29 Machi

Baba amemuuliza Mama, kwa heshima sana, "Samahani bibi, hapa wanakulipa vizuri?"

"Wananilipa vizuri, bwana," Mama akajibu. Akamfuta mdomo. Nilikwenda bafuni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku kucha, mvua mchana kutwa. Chumba cha Baba kinavuja juu ya kabati. Mama ameweka ndoo.

Jumapili, 7 Aprili

Idd ni Jumatano Mungu akipenda, mwezi ukiandama. Nyumba imepinduliwa. Mapazia yamefuliwa na hayakauki. Mama ameshusha vyombo vyake vya shaba vyote, masinia, mrashi, chetezo, buli la bibi yake, na leo amevisugua kwa ukwaju, jivu na kipande cha kumbi, kama anavyofanya kila Idd tangu nipate akili. Anavisugua mpaka unajiona meno. Nilimwambia apumzike, umri huo na saumu. Akasema Idd haiingii nyumba yenye shaba nyeusi.

Nimekwenda kununua kanzu ya Baba. Nyeupe, ya shingo ndogo.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye pilau. Tulikuwa tumeshakula. Nassibu alikuwepo na mkewe na watoto, na majirani wawili watatu waliokuja kutoa mkono wa Idd. Baba alikuwa amependeza kwenye kanzu mpya, kofia yake ya viua, anatabasamu kwa kila mtu bila kumjua hata mmoja. Mvua ilikuwa imetupumzisha. Ndipo Mama akatoka chumbani na kopo, amelibeba kwa mikono miwili, uso wake una raha ambayo sijaiona muda mrefu. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba Nusaiba," akasema. "Idd mubaraka. Fungua."

Baba akafungua.

Niliona mng'ao kabla sijaelewa. Kopo zima lilikuwa linawaka. Za Mjerumani zilikuwa nyekundu mbichi kama zimetoka kiwandani jana. Za mizani zilikuwa njano. Zenye tundu zilikuwa zinang'aa mpaka ndani ya tundu. Mama alikuwa amezisugua zote, moja moja, pamoja na masinia.

Baba akachukua moja. Akaipitishia kidole gumba. Akaiweka. Akachukua nyingine, akapapasa, akaigeuza, akapapasa tena. Nilijikuta nasema moyoni, Kilosa, Baba, sema Kilosa.

"Hizi za nani?" akauliza.

"Zako," Mama akasema. "Nimekusafishia. Ulisema zimeingia giza."

"Hizi mpya." Akachukua ya tatu, sauti inaanza kupanda. "Hizi si zangu. Hizi hazina watu."

"Zako, mume wangu, tazama—"

Akamshika Mama kifundo cha mkono. Sijawahi kumwona Baba akimshika mtu hivyo. "Mwizi! Zangu umezipeleka wapi? Mwizi wewe!" Kopo likaanguka, sarafu zikatawanyika sakafuni, watoto wa Nassibu wakaanza kuziokota huku wanacheka, hawajui, wanadhani ni mchezo wa Idd. Majirani walitafuta viatu vyao. Nassibu alimbembeleza Baba mpaka akamwachia.

Na mimi? Mimi nilimfuata Mama jikoni. Nikamwambia maneno haya, nayaandika yote kwa kuwa niliyasema yote: "Umefanya nini, Mama? Mambo ya wivu haya? Unamwonea wivu msichana aliyepanda treni hata mie sijazaliwa? Kile kilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, umekifuta kwa jivu!"

Mama alinigeukia. Kifundo cha mkono kilikuwa chekundu, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kusugua, jambo ambalo jana na juzi sikuliona.

"Mie hamkuniambia," akasema. "Mlikaa na mgeni, mkaongea, mkacheka. Mie hakuna aliyeniambia."

Alhamisi, 11 Aprili

Baba hakutoka kwenda barazani. Amekaa kitandani ameelekea ukutani. Hajala.

Ijumaa, 12 Aprili

Amekula uji kidogo. Ameniuliza kama mimi ni nesi. Nimemjibu ndiyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mzee Revelian amekuja kutoa salamu za sikukuu, hana habari. Nikamwonyesha kopo. Alinyanyua moja, akaigeuza dirishani kwenye mwanga, akairudisha taratibu. "Nani ame—" akaanza, kisha akamwona Mama mlangoni, akanyamaza. Ni mtu muungwana.

Nje nikamuuliza. Akasema kwa mkusanyaji zimekwisha, hakuna atakayezigusa, na hakutaka kunidanganya. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kurudisha ile rangi.

"Muda," akasema.

"Muda gani?"

"Ule ule uliozitia."

Nimempigia Nassibu. Akasema, "Basi tena, dada." Nilitegemea angenisuta.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Shule imefungwa kwa maji. Mama na mimi tunaongea habari za chumvi na mkaa tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimegundua kitu. Fundo la kanga ya Mama limekuwa kubwa kama limao. Anapika nalo, anafagia nalo, na kila anapokaa anatia mkono humo anasugua sugua, midomo inacheza. Nilidhani ni uradi. Leo nilimuuliza.

Akafungua fundo. Zilikuwa sarafu. Zile zile.

"Jasho linazitia rangi," akasema. "Nimeona bangili yangu ikivaliwa inakuwa nyeusi. Basi nazishika. Za leo ni hizi, kesho nabadilisha." Akanyanyua moja ya mizani. "Hii ya yule askari aliyekuwa analia. Hii ya mama wa Kilosa. Nazirudishia watu wake."

Anawajua wote. Miaka yote hii mimi ndiye niliyedhani nasikiliza, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na Baba, na Mama yuko kwenye mkeka na mchele wake. Anamjua mpaka kinyozi wa Pugu ambaye mimi nilikuwa nimeshamsahau. Badala ya kusema samahani nikanyoosha mkono. Mama akanipa nusu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefundisha sehemu za kumi huku nimekamata senti ya mfalme kiganjani. Mkono umenuka shaba siku nzima.

Jumapili, 28 Aprili

Tumempelekea Baba chache zilizoanza kufifia. Akapapasa. "Mpya," akasema, akageukia ukuta. Zimefifia kidogo tu. Ule ule uliozitia, alisema Mzee Revelian, na huyu wetu hana miaka mia.

Jumamosi, 4 Mei

Wametangaza kimbunga. Redio tangu asubuhi inasema watu wakae ndani, tumekaa ndani. Upepo ulikuwa unainua bati upande wa jikoni na kulirudisha kwa kishindo, na kila kishindo Baba alikuwa anashtuka na kuuliza treni gani hiyo. Mchana akaanza kutetemeka. Alitaka kwenda kazini, amechelewa, abiria wanangoja. Nilimshika bega moja, Mama bega la pili, na bado alikuwa anatushinda.

Ndipo Mama akamwachia. Akafungua sanduku lake la nguo, akatoa kanga moja kuukuu, ya rangi iliyokwisha, ambayo huwa haivai. Ncha yake ilikuwa na fundo dogo gumu. Akalifungua kwa meno. Akakichukua kiganja cha Baba, akaweka kitu, akakifumba.

Baba akatulia. Kidole gumba kikaanza kutembea. Kikazunguka ukingo, pole pole, mpaka kikafika mahali kikasimama. Pengo. Hata mimi niliyekuwa nimesimama pembeni niliona kikitua hapo.

"Mnazi," Baba akasema. Sauti ilikuwa yake, ile ya barazani.

Nikamtazama Mama. Yeye alikuwa anamtazama Baba.

"Mama," nikasema, "Morogoro ulikuwa unakwenda wewe?"

"Kwa shangazi yangu," akasema. "Gauni lilikuwa la kuazima."

Benki. Alikuwa anasema iko benki, na Mama anafunika uso. Maisha yangu yote walikuwa wanataniana mbele yangu nami nimekaa katikati yao sijui.

Baba alikuwa ameishikilia kwa nguvu zote. Alimkazia Mama macho, jicho moja la ukungu na jingine la nusu ukungu, nami nikafikiri, sasa, sasa atamjua. Nilikuwa na hakika.

"Umeipata wapi hii, bibi?" akamuuliza.

"Nilipewa."

"Hii ina mwenyewe. Nilimpa msichana mmoja, alikuwa anakwenda Morogoro." Akamrudishia kiganjani, akakifumba kiganja cha Mama kwa mikono yake miwili. "Mrudishie. Atakuwa anaitafuta."

Bati likapiga. Mama akalifunga tena fundo.

"Nitamrudishia," akasema.

Baadaye, Baba akiwa amelala, nilimuuliza Mama kwa nini siku zote hizi hakumwambia tu. Akasema alimwambia, siku ya kwanza kabisa aliposimulia. Alimwambia, ni mimi, msichana mwenyewe ni mimi. "Akacheka," Mama akasema. "Akasema, 'Acha utani, bibi. Yule alikuwa kijana.'"

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga hakikutufika, kimepita kusini. Nimeomba samahani kwa yale ya Idd. Mama akasema, "Uliniambia nina wivu. Kweli nilikuwa nao. Yule msichana anakumbukwa, mie sikumbukwi." Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Jumatano, 8 Mei

Baba amerudi barazani. Kopo halitaki, analisukuma, lakini amekaa. Alasiri akamuuliza Mama, "Umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Kasemaje?"

"Kasema ahsante."

Akaridhika, akatazama barabara.

Alhamisi, 9 Mei

Ameuliza tena. Amejibiwa vile vile. Ameridhika vile vile.

Jumanne, 14 Mei

Kila alasiri. Sasa ndiyo kitu cha pekee anachokumbuka kuuliza. Chakula kimepungua, miguu imevimba. Mvua inapungua nayo.

Jumapili, 19 Mei

Mzee Revelian na Nassibu wamekuja kumjulia Baba hali. Mama mwenyewe akafungua fundo akamwonyesha. Mzee wa watu alikaa chini kabisa. Akaishika kwa ukingo, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mnazi umefutika," akasema hatimaye. "Imebaki shina na kuti moja. Vidole vimeumaliza. Kwa wenye vitabu hii haina daraja kabisa."

"Nilikuwa naishika," Mama akasema. "Kila akisafiri na treni naishika mpaka arudi."

Mzee Revelian akavua miwani. Hakusema anainunua. Nassibu, naye niliyemtegemea kutaja bei, alimpokea ile sarafu kwa mikono miwili, akairudisha kwenye kanga ya Mama na kulifunga fundo yeye mwenyewe, vibaya, ikabidi Mama alifunge upya.

Ijumaa, 24 Mei

Hajala. Maji kwa kijiko.

Alhamisi, 30 Mei

Tumemzika Jumatatu baada ya swala ya alasiri. Alifariki alfajiri hiyo, Mama akiwa pembeni, mimi nikiwa natafuta maji ya moto. Watu walikuwa wengi, hata wa reli walikuja, wazee wenye fimbo. Jana tumesoma hitima. Leo wageni wamepungua na nyumba imekuwa kubwa. Mama ameingia eda. Kanga aliyovaa ni ile kuukuu ya sandukuni, na fundo liko kwenye ncha yake. Kopo liko kabatini kwangu. Daktari hataki tena maelezo haya, ila kuna la Jumapili sikuliandika, nalo sitaki linipotee.

Jumapili alasiri Baba alikuwa na nguvu kidogo. Alitaka kukaa barazani, tukamtoa na mito. Mvua ilikuwa imekatika. Akatazama barabara mpaka nikadhani leo hataulizia.

"Umemrudishia?" akauliza.

"Nimemrudishia," Mama akasema.

"Kasemaje?"

Sijui kwa nini siku ile Mama hakujibu kama siku zote. Aliuweka chini ungo wa mchele.

"Kasema yupo hapo dirishani," akamwambia. "Anakungoja."

Baba akaiweka sawa kofia yake. Akajiinua kwenye mito, kama mtu anayetazama mwisho wa foleni.

"Mwambie asiondoke," akasema. "Zamu yangu inakwisha sasa hivi."

Mama akasema atamwambia. Kisha akauchukua ungo wake akaendelea kuchambua mchele.